Baada ya mafuriko, halmashauri inanunuaje? Mwongozo kamili kwa walioko Moshi na Arusha

Masika hushuka Kilimanjaro na Arusha kati ya Machi na Mei. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa Juni 30. Ukiziweka tarehe hizo pamoja utaelewa nusu ya matatizo ya ununuzi wa maafa katika halmashauri zetu. Maji yanapoingia majumbani Mabogini, Kahe au Muriet, bajeti imeshabaki mifupa, vikao vya Baraza la Madiwani vinahesabika, na mfumo wa malipo unakaribia kufungwa. Ndiyo maana mabati yaliyoahidiwa Aprili hufika Agosti, na ndiyo maana mtu mwema kabisa hujikuta anajibu hoja ya mkaguzi kwa jambo alilolifanya ili watoto wasilale njaa.

Nimeuandika mwongozo huu kutoka upande wa ununuzi, kwa mkuu wa idara au mtendaji wa kata anayetakiwa kuandika maombi usiku wa manane, kwa diwani anayeulizwa na wananchi kwa nini vitu havijafika, na kwa mzabuni mdogo wa hapa mjini anayetaka kuuza bila kuzungushwa. Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni: shule ya msingi katika tambarare ya chini ya Moshi, madarasa mawili yameezuliwa, vyoo vimejaa tope, na kaya 60 zimehamia kwenye madarasa yaliyosalia.

Hatua ya 1: Tenganisha kuokoa na kurejesha

Baada ya maafa yanakuja manunuzi ya aina mbili, na yasipotenganishwa kila kitu kinachofuata kitakwenda upande.

Siku za kwanza unanunua unga, maji, mablanketi, magodoro, dawa, mafuta ya magari, na unakodi kijiko, yaani mtambo wa kuchimba, kuzibua mto uliozibwa na magogo. Hiyo ndiyo dharura inayotambuliwa na sheria: uhai, afya au usalama wa watu uko hatarini, au mali ya umma isiyo na mbadala itapotea ukichelewa. Wiki kadhaa baadaye unajenga vyoo vya shule, unaezeka upya madarasa, unatengeneza madawati. Watu bado wana shida, tena kubwa, lakini sasa una muda wa kushindanisha bei. Hapo unarudi kwenye njia za kawaida za Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, Sura 410, iliyoanza kutumika Juni 2024, na Kanuni zake za mwaka 2024.

Tatizo ni kwamba neno "dharura" lina utamu wake. Likishabandikwa kwenye jalada moja, kila idara inataka nayo lake. Mkaguzi atauliza: mvua ilinyesha Aprili, madawati yamenunuliwa Oktoba kwa mzabuni mmoja bila ushindani, dharura iko wapi? Swali hilo halina jibu zuri. Wala mtaro uliojulikana tangu vuli kwamba umeziba hauwi dharura kwa sababu tu mvua imefika. Uzembe wa kupanga hausafishwi na mafuriko.

Kurejesha ni safari ndefu. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 na kuufunika mji wa Katesh, siku za kuokoa ziliisha mapema, lakini makazi mapya ya waathirika yalichukua miezi mingi. Sehemu hiyo ndefu ndiyo inayohitaji ununuzi wenye utulivu.

Hatua ya 2: Jua mali iliyoharibika ni ya nani

Kabla ya kununua kalavati hata moja, uliza barabara ni ya nani. Barabara za mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Bomba la maji mjini Moshi ni la MUWSA, Arusha mjini ni la AUWSA, na vijijini ni RUWASA. Nguzo za umeme ni za TANESCO. Mifereji ya asili ya uchagani, ile tunayoiita mifongo, ina wenyewe na kamati zake.

Halmashauri inabaki na shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, machinjio, ofisi za kata na vijiji, taka ngumu, na watu wenyewe waliokosa makazi. Fedha ya halmashauri ikitumika kwenye mali ya taasisi nyingine bila maandishi, hata kama kazi ilifanyika vizuri, inakuwa hoja ya ukaguzi. Kijiko kikihitajika leo kuokoa watu kwenye barabara ya TARURA, kipeleke. Lakini meneja wao wa wilaya apate barua siku hiyohiyo, na kamati ya maafa ya wilaya iwe na muhtasari unaosema nani alikubali kubeba gharama gani.

Kamati hizo zimewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Kamati ya maafa inaamua kinachohitajika na inaratibu. Hainunui. Anayenunua ni halmashauri kupitia Mkurugenzi akiwa Afisa Masuuli (anayewajibika kwa matumizi ya fedha), Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, Bodi ya Zabuni na idara yenye uhitaji. Madiwani hawamo kwenye Bodi ya Zabuni, na diwani anayempigia simu afisa ununuzi kumtajia duka la kununua mablanketi anamtafutia mwenzake kesi.

Hatua ya 3: Fanya tathmini inayoweza kununuliwa

Ripoti nyingi za tathmini zinaandikwa kwa ajili ya kuhuzunisha. "Shule imeharibika vibaya sana na wananchi wanateseka." Hakuna mtu anayeweza kutoa oda kwa sentensi hiyo. Tathmini nzuri inampa afisa ununuzi idadi, vipimo na mahali.

Ifanye mara mbili. Ya kwanza ndani ya siku moja mpaka tatu, ya kuokoa: watu wangapi, wako wapi, wana nini, wanakosa nini. Ya pili, maji yakishakauka, ya kurejesha: mhandisi, afisa afya, afisa elimu, ustawi wa jamii, mtendaji na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji wakiwa pamoja. Piga picha zenye tarehe, na kila picha iandikwe jengo na upande. Picha ya paa lililoezuliwa bila jina la shule haisaidii miezi sita baadaye.

Orodha ya kaya ndiyo kiini cha tathmini ya kwanza. Jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, watoto wadogo, wajawazito, wazee, wenye ulemavu, kitongoji alikotoka. Isomwe hadharani mbele ya wakazi kabla haijapelekwa popote. Majirani wanajua nani kabomokewa na nani kaja na godoro lake kutoka mtaa wa pili. Kusoma orodha kwa sauti kunachuja majina kuliko saini tano za maofisa.

Sasa piga hesabu. Kaya 60 kwa wastani wa watu watano ni watu 300. Kwa kila mtu, kadiria gramu 400 za unga na gramu 60 za maharage kwa siku, na mafuta ya kula mililita 30. Kwa siku moja ni kilo 120 za unga, kilo 18 za maharage na lita 9 za mafuta. Maji, kwa kiwango cha chini kinachotumika kimataifa katika kambi, ni lita 15 kwa mtu: lita 4,500 kwa siku, yaani boza la lita 10,000 linatosha siku mbili na kidogo. Vyoo vya mwanzo ni tundu moja kwa watu 50, kwa hiyo matundu sita, halafu unasogea taratibu kuelekea tundu moja kwa watu 20. Zidisha kwa siku 14 na umeshapata mahitaji yenye maana. Ukiandika tu "chakula cha waathirika, shilingi milioni kadhaa", utaulizwa na kila mtu mpaka mhasibu msaidizi.

Hatua ya 4: Tafuta fedha kabla ya kutafuta duka

Mlango wa kwanza ni bajeti ya halmashauri yenyewe, kifungu cha maafa au dharura kama kilitengwa kwenye mapato ya ndani. Kama hakikutengwa au kimekwisha, unaomba uhamisho wa fedha kutoka vifungu vingine. Uhamisho unaongozwa na Sheria ya Bajeti, Sura 439, na taratibu za fedha za serikali za mitaa. Unapita Kamati ya Fedha, na kulingana na aina ya fungu unaweza kuhitaji kibali cha juu. Mweka Hazina aitwe siku ya kwanza, asiitwe siku ya kulipa.

Mlango wa pili ni kwenda juu, kupitia kamati ya wilaya na mkoa hadi Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia maafa. Huko mara nyingi kinachokuja ni vitu kuliko fedha. Usikimbilie kununua tani za mahindi kwa mfanyabiashara kabla hujaandika kuomba chakula cha hifadhi kinachotunzwa na NFRA. Dawa na vifaa tiba, anza na Bohari ya Dawa. Kanda yao iko hapahapa Moshi. Mafuta ya magari ya Serikali yana utaratibu wake kupitia GPSA, wakala wa ununuzi serikalini. Kila kitu unachokipata kwa njia hizo ni kitu ambacho huhitaji kukitafutia zabuni.

Halafu kuna Juni. Fedha ya kurejesha ikiingia Mei, una wiki chache tu. Zipo tabia mbili mbaya hapa. Ya kwanza ni kumlipa mzabuni kabla hajaleta mzigo, kwa ahadi kwamba ataleta Julai, ili fedha "isirudi". Usifanye, hata kama mzabuni ni shemeji wa malaika. Ya pili ni kununua chochote kinachopatikana haraka, ndiyo unakuta stoo imejaa ndoo na madarasa hayana paa. Njia halali ni kuandika mapema kuomba kuvusha bakaa (fedha iliyobaki) kwenda mwaka unaofuata, ukiambatanisha tathmini, mkataba kama upo, na ratiba ya kazi. Barua iandikwe kabla Juni haijaisha. Ukiandika Julai unaomba kufufua, na huko hakuna hakika.

Hatua ya 5: Iweke dharura kwenye karatasi siku hiyohiyo

Ununuzi wa dharura haufuti nyaraka. Unazipunguza na kuziharakisha, basi. Karatasi unazohitaji usiku wa kwanza ni nne: taarifa ya tukio (mahali, tarehe, saa, madhara), muhtasari wa kamati ya maafa, hata kama kikao kilifanyika kwa simu na kuandikwa baadaye, maombi ya idara yenye vipimo, na uamuzi wa Afisa Masuuli unaoeleza kwa maneno yake kwa nini njia ya kawaida ingeleta madhara. Sentensi hiyo ya "kwa nini" ndiyo inayosomwa kwanza na PPRA, mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma, na wakaguzi. "Kutokana na mvua kubwa" haitoshi. Andika: kaya 60 zimelala madarasani bila chakula tangu jana, hakuna akiba kwenye stoo, na muda wa zabuni ya kawaida utazidi siku ambazo watu hawa wanaweza kuishi bila chakula.

Kanuni za 2024 zina sehemu mahsusi ya ununuzi wa dharura: nani anaidhinisha, na taarifa ipelekwe wapi baada ya ununuzi. Chapa kurasa hizo na uzibandike ukutani kwenye ofisi ya ununuzi. Watu wengi wanakumbuka kibali na kusahau taarifa, na kosa la kutotoa taarifa linafunika kazi nzuri yote iliyofanyika.

Hata katika dharura, uliza bei sehemu tatu. Simu tatu zinachukua dakika 20. Unga na maharage uliza Mbuyuni kama uko Moshi, Kilombero kama uko Arusha; andika jina la duka, bei, na saa uliyopiga. Wapo wanaopandisha bei ya turubai mara tu wakisikia mto umefurika, na karatasi yako ya bei tatu ndiyo itakayoonyesha kwamba hukukubali kukamuliwa.

Hatua ya 6: Andika vipimo, na uviandike kama mtu atakayevipima

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotelea. Wizi unachangia, lakini uvivu wa kuandika unachangia zaidi.

Chukua mabati. Ukiandika "mabati 120" utaletewa mabati 120, yale membamba kuliko yote yaliyoko sokoni. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko 32. Kwenye jengo la umma ambalo limeshaezuliwa mara moja, andika geji 28, urefu wa bati, rangi au la, alama ya TBS, na kwamba unene utapimwa wakati wa kupokea. Kisha uwe na kipima unene kweli. Bila kifaa hicho mzabuni anajua geji iliyoandikwa ni mapambo. Misumari ya bati, kofia zake na nyaya za kufungia kenchi ziandikwe pia. Mara nyingi paa huondoka kwa sababu kenchi hazikufungwa kwenye ukuta, na kununua bati nene juu ya kenchi isiyofungwa ni kumwandalia upepo chakula.

Mbao: aina, vipimo, urefu, zimetiwa dawa, zimekauka. Ubao uliokatwa wiki iliyopita West Kilimanjaro utapinda ukiwa juu ya paa. Saruji: kwa zege la msingi na nguzo taja daraja la 42.5, kwa kupiga lipu na kujenga ukuta 32.5 inatosha, na muda wa kukaa stoo usizidi ule utakaoutaja.

Turubai: vipimo kwa mita, uzito kwa mita ya mraba, macho ya chuma pembeni. Blanketi: vipimo na uzito, na usiku wa Mei kwenye miteremko ya Kibosho au Meru si sawa na usiku wa TPC, kwenye mashamba ya miwa ya tambarare, kwa hiyo usinunue blanketi moja kwa wote. Chakula: sembe au dona, mfuko wa kilo ngapi, maharage ya msimu huu yasiyo na wadudu.

Huduma zinaandikwa tofauti kidogo, na hapo wengi hukwama. Kijiko kinakodiwa kwa saa au kwa siku? Mafuta ni ya nani? Dereva ni wa nani? Gari la kukisafirisha kuja na kurudi analipa nani? Saa za kusubiri mvua ikinyesha zinahesabiwa? Boza: lita ngapi kwa safari, maji yametoka wapi, yametiwa klorini, nani anasaini kila safari. Kuzoa kifusi: kwa tipa, kwa tani au kwa mita za ujazo, na kifusi kinamwagwa wapi. Usipotaja mahali pa kumwaga, kitamwagwa kwenye korongo la karibu, na msimu ujao korongo hilo litarudisha kifusi chote shuleni.

Usitaje jina la kampuni kwenye vipimo. Taja ubora. Ukiandika jina la chapa, umeshamchagua mzabuni kabla ya zabuni.

Hatua ya 7: Chagua njia, upitishe NeST

Ununuzi wa umma sasa unapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Mahitaji yaingie kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Kama maafa hayakuwemo, na mara nyingi hayamo, mpango unahuishwa kwanza.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni mikataba maalum. Wazabuni wameshashindanishwa, bei zimeshajulikana, halmashauri inatoa oda tu mahitaji yakitokea. Ushindani upo na kasi ipo. Halmashauri yenye mikataba hai ya vyakula, vifaa vya ujenzi, ukodishaji wa mitambo na usafirishaji haihitaji dharura nyingi. Ikikosekana, tumia ulinganishaji wa bei kwa manunuzi yaliyo ndani ya viwango vya njia hiyo, au zabuni ya ushindani kwa makubwa zaidi. Chanzo kimoja, yaani mzabuni mmoja bila kushindanisha, ni mlango wa mwisho, na ufunguo wake ni maelezo ya maandishi.

Usigawanye kazi moja vipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango. Vyoo vya shule tatu vilivyogawanywa katika oda tisa zenye tarehe zinazofanana vinaonekana kwenye mfumo hata kabla mkaguzi hajafika.

Ukarabati wa madarasa na zahanati mara nyingi unafanywa kwa force akaunti: fedha inakwenda kwenye akaunti ya shule au kituo, jamii inaunda kamati za ujenzi, ununuzi na mapokezi, na mafundi wa hapahapa wanapewa kazi kwa mkataba wa ufundi. Utaratibu huu unafaa sana kwa kurejesha, maana fedha inabaki kwenye jamii iliyoumia. Lakini mwalimu mkuu aliyepotewa na nyumba yake mwenyewe hawezi kuwa mnunuzi, mtunza stoo na msimamizi wa fundi kwa wakati mmoja. Mhandisi wa halmashauri atoe BOQ (mchanganuo wa vifaa na kazi), atembelee kwenye hatua zilizopangwa (msingi, linta, kenchi, paa), na fundi asilipwe hatua inayofuata mhandisi hajasaini iliyopita.

Usisahau makundi maalum. Sheria inataka asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi itengwe kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Maafa yana kazi zinazowafaa kabisa: mama lishe kupika kambini, vijana kufukua mitaro, vikundi vya ushonaji kushona sare za watoto waliopoteza kila kitu. Vikundi viwe vimeshasajiliwa NeST kabla ya mvua, kwa sababu usajili huo haufanyiki vizuri mtu akiwa na matope magotini.

Hatua ya 8: Pokea kwa macho na kwa mizani

Mzigo unafika saa mbili usiku, mvua inanyesha, watu wanasubiri, dereva anataka kurudi Arusha. Hapo ndipo magunia 40 yanapopungua kuwa 36 bila mtu kuona. Kamati ya ukaguzi na mapokezi iteuliwe kwa barua kabla mzigo haujafika, na asiwemo aliyeidhinisha ununuzi. Pima gunia kadhaa kwa mizani. Pima unene wa mabati machache yaliyotolewa katikati ya furushi, si ya juu. Chochote kisichofanana na vipimo kikataliwe kwa maandishi, hata kama ni robo ya mzigo. Robo tatu nyingine ipokelewe watu wahudumiwe.

Kisha leja. Kila kilichoingia stoo kiandikwe, kila kilichotoka kiandikwe kimekwenda kwa nani. Mgawo wa kaya usainiwe au utiwe dole gumba mbele ya mtendaji na wajumbe wa kamati ya kijiji. Shule inapogeuzwa stoo, mlango uwe na kufuli mbili na funguo zishikwe na watu wawili tofauti.

Misaada ya wahisani ina leja yake

Baada ya mafuriko, malori ya misaada yanakuja: makanisa, misikiti, wafanyabiashara, wanafunzi wa zamani, Msalaba Mwekundu. Hiyo haihitaji zabuni, lakini inahitaji mapokezi yaleyale na leja yake, tofauti na ya vitu vilivyonunuliwa. Vikichanganywa, utashindwa kuonyesha unga ulionunuliwa kwa fedha ya umma uliliwa na nani. Fedha taslimu isipokelewe mkononi. Mhisani apewe namba ya malipo alipie benki au kwa simu. Na uwe na ujasiri wa kumwambia mhisani kinachohitajika. Nguo za mitumba zinaziba stoo. Klorini, taulo za kike na sufuria kubwa mara nyingi ndivyo vinavyokosekana.

Malipo, na neno kwa mzabuni

Kwa halmashauri: hati ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo, ankara, risiti ya EFD, ripoti ya kamati ya mapokezi. Zikitimia, malipo yapite MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali. Mzabuni aliyecheleweshewa malipo ya maafa mwaka huu ataongeza bei ya mwakani, au hatapokea simu yako kabisa.

Kwa mzabuni: jisajili NeST sasa, na hakikisha leseni ya biashara, TIN na cheti chako cha kodi viko hai. Usipeleke mzigo kwa maneno ya mdomo, hata kama aliyepiga simu ni mkubwa. Dai oda iliyoandikwa, angalau barua ya Mkurugenzi. Weka bei ukijua kodi ya zuio itakatwa, asilimia 2 kwa bidhaa na 5 kwa huduma. Tunza nakala ya hati ya makabidhiano yenye majina na saini za waliopokea, maana watumishi huhamishwa. Ukiona zabuni imeendeshwa vibaya, malalamiko yanaanzia kwa Afisa Masuuli, halafu Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, ndani ya siku zilizowekwa. Ukiombwa chochote mkononi, TAKUKURU wana ofisi wilayani.

Hatua ya 9: Julai ndiyo mwezi wa kazi

Mwaka mpya wa fedha ukianza, fungua jalada la mafuriko yaliyopita na ulitumie. Angalia ulinunua nini, kwa bei gani, nini kilichelewa kwa siku ngapi. Ingiza hivyo vitu kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Anza mchakato wa mikataba maalum ya vyakula, vifaa vya ujenzi, boza na mitambo ili ikamilike kabla ya vuli ya Oktoba. Tenga fungu la maafa kwenye mapato ya ndani, hata dogo, ili uhamisho uwe na pa kuanzia. Kagua stoo ya akiba: turubai zilizotobolewa na panya zihesabiwe sasa, zifutwe kwa utaratibu, zinunuliwe nyingine.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Utabiri wa masika ukitoka na kusema mvua itazidi wastani kaskazini mashariki, itisha kikao kimoja cha Mweka Hazina, mkuu wa ununuzi, mhandisi na mratibu wa maafa, kila mmoja aje na orodha ya namba za simu za wazabuni wenye mikataba hai. Zipigeni palepale kikaoni. Zisizopokelewa, tafuteni mbadala wake wiki hiyo.